Nnafanya Kazi Nyumbani, na Barazani Wasijue

Bi Kazija, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa kila Ijumaa, nakuandikia kwa kuwa nshafika pahala sijui nishike lipi, na jina langu tafadhali lifiche. Nna watoto wawili, Basma ana miaka mitano na Ubwa mitatu, tunakaa Kiponda ghorofa ya pili, mke wangu Bashira ni muuguzi Bububu na huondoka saa moja asubuhi, na mimi naajiriwa na kampuni ya kutembeza wageni ambayo mwaka jana ilifunga ofisi yake ya mjini ikatwambia kila mtu afanyie kazi kwake, basi najibu barua pepe za wageni, napanga magari na waongozaji, yote kwa kompyuta na simu. Tulikuwa na msichana akitulelea watoto, lakini mwezi wa Shaabani akaolewa, na tangu hapo watoto wako na mimi kutwa, na kazi haifanyiki.

Sasa nikwambie kweli tupu. Chini ya dirisha letu pana baraza, na watu hawaondoki pale, wanakunywa kahawa asubuhi mpaka adhuhuri, na mimi miaka yote ni mmoja wao, na pana jirani yetu mmoja, Abdulwahid, alipokosa kazi akawa analea pacha wake huku mkewe yuko dukani, akianika mpaka nepi, na mimi ndiye niliyempa jina la Yaya, likamganda, hadi leo watoto wa mtaani wanamwita hivyo. Basi mimi nikionekana nnalea, wataniitaje? Kwa hivyo kila siku saa moja u nusu navaa shati na viatu, nachukua mkoba, nawafungia watoto mlango nikawaachia katuni, napita barazani nawaambia "Haya jamaa, nnakwenda kazini", nazunguka Darajani, kisha narudi kwa uchochoro wa nyuma naingia kwa mlango wa uani. Nusu saa tu. Toka hapo nyumba lazima iwe kimya, simu nazungumza kwa kunong'ona, watoto hawatoki nje, na Basma nimemwachisha skuli ya maandalizi, ingawa ni hatua chache kutoka kwetu, maana inafunga saa tano u nusu na mtu aliye kazini hawezi kuonekana saa hizo anamchukua mtoto, nikamwambia Bashira kuwa mwalimu ni mkali.

Humo ndani wanachoka, wanapigana, Ubwa anapanda juu ya meza anabonyeza asichokijua, na mimi sikio liko barazani, mpaka nikawapeleka wageni wanane msituni Jozani siku ambayo hapana mtu wa kuwapokea, wakasimama getini kwa masaa mawili, na mkuu wangu kasema likitokea jengine kama hilo kabla ya mwisho wa mwezi, kazi sina. Halafu Jumatatu iliyopita Basma akavuta chupa ya chai ikammwagikia pajani, akapiga ukelele, na chini walikuwa wamejaa, nikamziba mdomo kwa mkono mpaka akanyamaza, nikammwagia maji, nikamwambia asimwambie mama. Bashira alipomkogesha jioni akaona, akamfunga dawa, akanitizama, na tangu siku ile hasemi nami ila salamu. Nashukuru kwamba Basma mwenyewe sasa kafahamu, maana juzi alijibana kidole mlangoni akajiziba mdomo kwa mkono wake, machozi yanamtoka lakini sauti hapana. Aliyebaki ni Ubwa, huyu hasikii kabisa. Naomba unishauri, nifanyeje huyu naye anyamaze, nifanye kazi yangu kwa utulivu kabla haijanipotea.

Ndimi Mansour, Kiponda.

Bi Kazija anajibu:

Marahaba. Jina lako nimelibadilisha, na ya wenzako wote pia, maana wewe ulikumbuka kulificha lako tu. La jirani yako ukaniletea zima zima, pamoja na hilo ulilombandika.

Umeniandikia kurasa nne kuniuliza namna ya kumnyamazisha mtoto wa miaka mitatu. Nimezisoma mara mbili nikitafuta pahala uliponieleza paja la binti yako linaendeleaje, sikupaona. Mungu kamjaalia mama muuguzi, kwani kwa baba hakubahatika.

Hivyo unadhani barazani hawajui? Watu wa Kiponda wanaojua nani kapika nini leo, wasijue kwamba uko juu ya vichwa vyao unanong'ona? Walijua wiki ya kwanza, baba. Wanakwambia "Haya, kazi njema", ukishakata kona wanaangua kicheko. Na hawakucheki kwa kulea watoto. Wanamcheka mtu mzima anayevaa viatu akazunguke Darajani na mkoba mtupu. Na hiyo "nusu saa tu" yako, watoto wawili wadogo wamefungiwa ghorofani kwa ufunguo, isiwepo tena hata dakika moja. Ukitokea moto, nani atawafungulia?

Wageni wale hawakusimama Jozani kwa ajili ya Ubwa. Walisimama kwa ajili yako, kwa kuwa akili yako iko dirishani. Kazi yako ni ya halali na unaifanya kama mwizi, kisha unashangaa haiendi.

Sikiliza. Jumatatu Basma anarudi skuli. Umpeleke wewe, kwa mlango wa mbele, umemshika mkono, na saa tano u nusu ukamchukue. Muulize mwalimu, huyo uliyemsingizia ukali, kama atampokea na Ubwa. Akikubali, hapo una saa nne za kupanga na kuandika, na mtu asiyejificha anaweza kufanya mengi katika saa nne. Simu zako zipige mchana wakishakula wakalala, na uzungumze kwa sauti yako. Wakiamka, funga kompyuta, wacheze uani wapige kelele wanavyotaka. Mkuu wako mwandikie leo hii kwamba una watoto nyumbani na saa zako ni hizo. Huenda akakataa. Lakini sasa hivi unaipoteza kazi bila hata yeye kujua sababu.

Kisha nenda kwa Abdulwahid, nyumbani kwake, si barazani. Muombe radhi kwa lile jina, halafu umuulize aliwezaje na pacha. Mimi sikuwahi kulea pacha, yeye kalea, na huku wewe unamcheka. Ukitoka kwake ukae barazani uwaambie wenzako kwa mdomo wako kwamba kazi yako iko nyumbani na wanao uko nao wewe. Watakupa jina. Lipokee, umestahiki. Bashira naye mweleze yote, la skuli, la mlango uliofungwa na la ule mkono mdomoni, na usitie "lakini" hata moja.

Ila kuna la kutangulia hayo yote, na ni la leo, kabla hujalikunja gazeti. Unasema Basma kafahamu. Kafahamu nini? Kafahamu kwamba akiungua, babake anaogopa watu wasisikie. Kesho mtu atamfanyia baya, atajiziba mdomo vile vile, na wewe uko chumba cha pili unamshukuru kwa utulivu wake. Kaa naye chini. Tizama hilo paja, mwambie kwamba uliyekosa ni wewe, na kwamba akiumia alie, alie kwa nguvu zake zote. Kisha umwambie tena kesho, na kesho kutwa, kwani leo hatakuamini.