Mama Anapasuliwa Mgongo Alhamisi

Mazwi,
Sumbawanga.
17 Julai, 2025.

Mpendwa dada yangu Cornelia,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Habari za hapo unovisi, na malezi ya usista? Kile kikohozi kimekuacha? Huku baridi ya mwaka huu imetukomesha, asubuhi maji ya ndoo hayashikiki. Mimi, Beda na watoto hatujambo. Mdogo bado ananyonya. Lucia ametimiza miaka mitano, anasali Salamu Maria mpaka mwisho, ila katikati anapita mbio.

Najua huko simu hamruhusiwi, ndiyo maana nampa barua hii Sista wa parokia anayekuja kwenu kesho. Kaa chini kwanza ndipo uendelee. Mama yu hai, nakwambia mapema. Lakini anaumwa, na mimi naogopa, dada. Naogopa mno.

Ilianza kule Mwazye mwezi uliopita. Alikuwa anaanika ulezi, akainama kunyanyua debe, tena halikujaa, akasikia kitu kimelia ka! mgongoni. Akakaa palepale chini. Mjomba Stanley akamleta hapa kwetu kwa gari. Sote tukasema ni mgongo wa mavuno tu, kama wa kila mwaka.

Sasa hapa ndipo roho inaponiuma. Unakumbuka tulivyokuwa tunamkanyaga marehemu baba mgongoni akitoka shambani? Basi mama akalala kifudifudi mkekani, akamwita Lucia, "Njoo unikanyage, mama yangu, una miguu mizuri wewe." Mimi mwenyewe nilimvua Lucia viatu. Nilimshika mikono asianguke. Mtoto alikuwa anacheka. Mara mama akapiga ukelele ambao sikuusikia hata siku tulipomzika baba.

Tangu siku ile miguu ikaanza kufa ganzi. Akawa anatembea kwa kujishikiza viti, halafu akawa hatembei kabisa. Tukampeleka hospitali wakampiga picha, na bahati nzuri akaonwa na daktari bingwa aliyekuja kwenye kambi ya matibabu. Alinionyesha ile picha. Pingili za mgongo zinatakiwa zikae kama matofali yaliyopangwa; za mama mbili zimebonyea, na kipande kimerudi nyuma kinagandamiza mishipa ya fahamu. Anasema mifupa imeisha nguvu kwa uzee, ndani ina matundu kama mkate. Kumbe wanawake wengi wa umri wa mama, miaka sitini na nane, wanayo hali hiyo na hawajui.

Nilimwuliza kuhusu Lucia. Sikutaka kuuliza, mdomo ulijisemea. Akasema mfupa ulishavunjika pale kwenye debe, ila kukanyagwa huenda kulizidisha madhara. Nililia chooni ili mtoto asinione.

Dawa yake ni kupasuliwa, huko Mbeya. Watakitoa kile kipande, wafunge vyuma na skrubu. Na kwa kuwa mfupa laini haushiki skrubu, wataweka na saruji maalumu ya mifupa. Mama aliposikia saruji alimkazia macho daktari. "Wewe baba, nyumba yangu Mwazye haijawahi kuona saruji, leo mnataka kunisakafia mimi?"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, ni vijiko vichache tu, kwa sakafu havitoshi."

"Na nikikataa?"

Hapo kicheko kiliisha. Alimwambia atabaki kitandani, na miguu haitarudi. Akikubali nako kuna hatari: dawa ya usingizi kwa umri wake, damu, vidonda, hata hizo skrubu zinaweza kulegea. Hakutudanganya. Lakini alisema angekuwa mama yake, angempeleka, tena upesi.

Mama alikataa siku mbili nzima. Anataka azikwe na mgongo wake aliozaliwa nao, anasema. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikapiga magoti nikamweleza alichosema daktari kuhusu kukanyagwa, na kwamba kosa ni langu. Nilijua atanifokea. Akaniuliza tu, "Aliyemwita mtoto nani? Si mimi?" Akageuza uso ukutani. Kisha akasema, "Huyu Lucia atakua, na watu wana midomo. Siku moja atakuja kuambiwa ndiye aliyemlaza bibi yake kitandani. Hapana. Nipelekeni Mbeya."

Basi, dada, tunaondoka Jumatatu. Nitakwenda na mdogo mgongoni, Lucia atabaki na baba yake. Gharama zisikusumbue, Beda na mjomba wamezishughulikia. Kupasuliwa ni Alhamisi tarehe 24, saa mbili asubuhi. Mwombe Sista Mlezi akuruhusu ukae kanisani saa hiyo, hata kama ni zamu yako ya jikoni. Mimi nikianza kusali maneno yananipotea, nabaki na "Mungu wangu, Mungu wangu" tu. Lakini nina matumaini. Daktari anasema wapo waliotoka pale wakitembea wenyewe.

Msalimie Sista Mlezi, na Jane wa Kasesya mliyeingia naye pamoja. Beda anakusalimu, na mjomba Stanley pia. Mama anasema umwombee lakini usifunge kula, ulishakonda vya kutosha. Bwana akulinde katika wito wako, na atukutanishe tena sote, mama akiwa katikati yetu.

Jambo moja limenikaa moyoni. Daktari alisema mama akizinduka watamwambia achezeshe vidole vya miguu, na hapo ndipo watajua. Jana usiku mama alinishika mkono akaniomba, nikiingia nimtazame usoni kwanza, ili akiamka aone mtu wake. Nimemwahidi. Lakini najijua, dada. Nitatazama vidole.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,

Jovina