KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KUHUSU TOVUTI YA MASOMO YA SAUTI ILIYOKATALIWA NA SIMU

Chama cha Wasomaji wa Vitabu vya Sauti kwa Wanafunzi Wasioona

Tarehe: Jumamosi, 14 Oktoba, saa nne asubuhi
Mahali: Chumba cha kurekodia, ghorofani, nyuma ya duka la rangi

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu, msomaji wa Historia); Fundi wa kompyuta (mpwa wa Mwenyekiti); Mjumbe wa wazazi (mama wa mtahiniwa); Katibu.
Asiyehudhuria: Mweka Hazina, kwa udhuru wa mafua. Jana hakuwa nayo.

KUMB. NA. 1/10: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alieleza kwamba tangu Alhamisi kila mwanafunzi anayefungua tovuti ya chama husomewa na simu yake maneno "muunganisho huu si salama", na ukurasa hauendelei. Mtihani wa Historia ni Jumatatu. Masomo yote yamo humo, na watahiniwa hawana kitabu kingine. Mwenyekiti aliongeza kwamba kuna mkono wa mtu. Alipoulizwa ni mtu gani, alisema tuendelee na ajenda.

KUMB. NA. 2/10: PENDEKEZO LA KUPUUZA ONYO
Mwenyekiti alipendekeza watahiniwa waambiwe walipuuze onyo na kubonyeza "endelea", kwani tovuti ni yetu na hatuwezi kujidhuru wenyewe. Mjumbe wa wazazi alipinga. Alisimama, ingawa hapa hatuna desturi ya kusimama. Maneno yake yameandikwa kama alivyoyasema: "Mwalimu, binti yangu haoni. Hiyo simu ndiyo macho yake. Nimemlea aiamini ikimwambia hatari. Leo nimwambie inasema uongo? Kesho akifungua ukurasa wa matapeli, nani atamwonya?"

Mwenyekiti alisema mama ametia chumvi. Mama alijibu hajatia hata punje. Pendekezo lilianguka kwa kura tatu dhidi ya moja. Katibu ni miongoni mwa hao watatu na hajuti.

KUMB. NA. 3/10: KUTAFUTA CHANZO
Fundi alikiri kwamba Alhamisi alisingizia simu za wanafunzi, akawahangaisha wazazi kukagua tarehe zake, akidai simu yenye tarehe isiyo sahihi huikataa tovuti. Zote zilikuwa sahihi. Aliomba radhi, Mjumbe wa wazazi alisema atalifikiria.

Leo Fundi aliikagua seva, ile kompyuta iliyo chini ya meza ya kurekodia, akakuta cheti chake cha usalama kimekwisha muda Jumatano usiku. Alifafanua kwamba cheti ndicho kitambulisho cha tovuti. Kikiisha muda, simu haiitambui tena. Ajabu ni kwamba seva ilipangwa ihuishe cheti yenyewe, usiku wa manane. Katibu aliuliza usiku wa manane seva huwa katika hali gani. Wajumbe wote walimgeukia Mwenyekiti.

Kanuni ya Mwenyekiti inajulikana: ofisi ikifungwa, kila kitu kizimwe ukutani, taa, feni na seva. Tovuti yetu hulala usiku kama watu, na tulikwisha kuzoea. Mwenyekiti alisema umeme si maji ya mvua. Fundi alisema, "Mjomba, ulikuwa unaizima kabla zamu yake haijaanza." Mwenyekiti alikumbusha kwamba kikaoni hakuna mjomba. Mjumbe wa wazazi alisema wote wawili wamekosa, mmoja kwa kuzima, mwingine kwa kuipangia seva kazi ya usiku bila kuuliza ofisi inafungwa vipi. Hakuna aliyempinga.

KUMB. NA. 4/10: MAAZIMIO NA UTEKELEZAJI
Iliazimiwa kwamba hakuna atakayetoka hadi tovuti ifunguke. Fundi alihuisha cheti kwa mkono. Cheti kipya kilipatikana, lakini simu zetu zikakataa tena. Mwenyekiti alisema, "Si niliwaambia kuna mtu!" Mjumbe wa wazazi alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akamvutia Fundi kiti. Fundi aligundua kwamba programu ya tovuti bado imeshikilia cheti cha zamani, akaiwasha upya.

Iliazimiwa pia seva isizimwe tena. Mwenyekiti aliomba pingamizi lake liandikwe. Limeandikwa.

Mjumbe wa wazazi aliipigia simu ya bibi yake mtahiniwa, nyumbani, akaweka spika, akamwagiza binti afungue tovuti kwenye simu yake mwenyewe.

"Imesema nini, mwanangu?"

"Haijasema kitu, Mama. Imefungua tu."

Ikasikika sauti ya Mwenyekiti ikisoma sura ya kwanza. Mwenyekiti alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. Wajumbe walishangilia, Katibu akiwemo, hadi binti aliposema, "Jamani, punguzeni kelele, simsikii mwalimu," akakata simu.

KUMB. NA. 5/10: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa na mtahiniwa, saa saba kasoro robo mchana, Mwenyekiti akiwa bado anafuta miwani.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)