Shuka Kumi na Moja

4 Februari

Kwako binti yangu, daktari wangu,

Pokea salamu tele za mama yako mzazi. Hujambo? Unakula? Unalala? Mimi mzima, ila goti la kukanyagia cherehani linanung'unika, nami nalijibu kwa kuliongezea kazi.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma hapa kibandani mbele ya wateja wote. Walitulia kama wako kwenye mtihani! Nilipofika pale uliposhona kidonda cha mtoto huku umeuma tochi kwa meno, mke wa Fundi Saa akasema, "Huyu mikono hiyo kaipata wapi?" Nikamwambia, "Sindano kaijua tangu tumboni, shoga." Akafunga mdomo, maana wa kwake hata kifungo hawezi. Najua utasema, "Mama, mimi muuguzi, si daktari." Wao wanajuaje tofauti?

Redio inasema vita huko vimekaza, na serikali yenyewe inawageukia raia wake. Sasa nyie wa misaada mko hapohapo mnaona, mbona hamsemi? Wewe mwanangu uliyekuwa na mdomo mpaka mwalimu mkuu akaniita shuleni mara mbili! Nani kakufunga?

Ni mimi, mama yako akujivuniaye.


27 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti, lipumzishe. Mwili wangu hauna neno. Simu bado zimekatwa, kwa hiyo hii inakuja na mfuko wa barua wa shirika. Mama, safari hii usimsomee mtu. Yeyote.

Wiki iliyopita askari wa serikali waliingia wodini wakawatoa majeruhi vitandani. Mimi nilikuwa chumba cha upasuaji. Aliyeniambia idadi ni Dobi wetu, mama mmoja wa hapa anayefua nguo za hospitali. Alitoa shuka arobaini, zikarudi ishirini na tisa. Majeruhi kumi na mmoja walibebwa na shuka zao, na hakuna aliyewaona tena.

Mkuu wetu katukataza kusema. "Sisi wageni hapa. Tukitoa neno wanafunga hospitali, na waliobaki watakufa kwa kukosa dawa." Daktari wa upasuaji akagonga meza: "Na tukinyamaza? Tunawaponya ili waje kuchukuliwa wakiwa na nguvu?" Mkuu akamtazama. "Wewe ukisema utapewa tiketi ya ndege. Dobi atapewa nini?"

Mimi mwenyewe sijui nani ana haki, mama. Vile vitanda kumi na kimoja vimeshatandikwa upya, na vina watu.

Mwanao.


15 Machi

Binti yangu, shujaa wangu,

Salamu kochokocho! Sijambo kuliko jana na juzi. Kaa kitako kwanza.

Ulisema nisimsomee mtu, nami mama yako ni mtiifu: sikusoma hata mstari mmoja. Nilimpa yule Mwandishi wa gazeti, yule mwenye kitambi anayeniletea suruali za kupanua kiuno, akasoma mwenyewe! Kasoma amesimama, suruali mkononi. Akasema, "Mama, hii haiwezi kukaa kibandani."

Basi imetoka, nusu ukurasa, na picha yako ya siku ya kuhitimu. Kipande hicho nimekuwekea. Na nilimwambia asimsahau yule Dobi na hesabu yake ya shuka, maana naye katenda jambo kubwa, aone raha kujulikana. Fundi Saa kanunua magazeti mawili. Mke wake kaja kunisalimia, karibu apige magoti!

Huyo Mkuu wenu mwenye woga mwambie limeshasemwa, na mbingu haijaanguka.

Mama yako, mama wa gazetini.


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Gazeti lilifika kabla ya barua yako. Lilikuwa mezani kwa ofisa wa usalama, limetafsiriwa, neno "Dobi" limezungushiwa wino mwekundu.

Hospitali hii ina dobi mmoja tu.

Walimchukua tarehe 22, bombani, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Watoto wake watatu wanalala stoo yetu ya dawa. Paspoti yangu wanayo wao.

Nimetia saini karatasi kwamba habari ile ni ya uongo. Ofisa anasema haitoshi, anataka ikanushwe huko ilikotoka, katika gazeti lilelile. Ikitoka, anasema, Dobi atarudi nyumbani. Anasoma hii kabla yako, kwa hiyo siwezi kuandika zaidi. Fanya upesi, mama.

Mwanao.


21 Aprili

Mwanangu,

Nimefanya.

Nilimwambia Mwandishi kwamba barua niliitunga mimi. Akacheka. "Mama, ina mhuri wa shirika, na mwandiko si wako." Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekudanganya. Andika hivyo." Hakucheka tena. Imetoka, na jina langu lote. Nimeweka nakala mbili, moja umpe ofisa. Mwambie mimi ni fundi nguo tu, mwanamke mpenda sifa, nilitaka watu wanisikilize. Hilo la mwisho ni kweli. Amwachie mama wa watu.

Wateja wamepungua. Mke wa Fundi Saa kauliza kwa sauti, "Kumbe hata huo uuguzi ulikuwa hadithi?" Nikakanyaga cherehani.

Dobi akirudi niandikie neno moja tu. Nawe akurudishie paspoti uje.

Mama yako.


30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni ya nne bila jibu. Dada wa mapokezi pale ofisini kwa shirika ananipokea barua, lakini hanitazami usoni. Leo kaniambia mfuko wa huko hauendi tena.

Jana redio ilitangaza kwamba watu wametolewa wodini katika hospitali nyingine, mji wa jirani yenu. Safari hii daktari mmoja kasema hadharani. Msemaji wa serikali ya huko akamjibu kwamba wageni wa misaada wana tabia ya kuzusha, na hata gazeti letu la hapa liliungama kuwa lilidanganywa na fundi nguo. Kanitaja mimi, mwanangu. Mimi ndiye ushahidi wao.

Mwandishi amekaa kwenye benchi la wateja tangu asubuhi. Hakuleta suruali. Anasema, "Mama, ile barua yenye mhuri bado unayo. Nipe." Ninayo, ndani ya mto ninaokalia. Nikiitoa, itakuwaje kama Dobi bado yuko mikononi mwao, na wewe pia? Nisipoitoa, yule daktari wa redioni nani atamwamini?

Nimemwambia angoje nimalize kukuandikia. Wino unakwisha, naye kasimama, anavaa kofia.

Nimjibu nini?

Mama yako.