Mzee Elia Alipofika Asia

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama yako hajambo. Joto la Muscat limemshinda kila mtu isipokuwa paka wake. Unaniuliza kama kuwaombea wenye njaa, maskini na walemavu wa dunia nzima kunasaidia.

Nilipokuwa msichana mgeni hapa, sisi Wakristo wachache tulisali Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, sebuleni kwa dada mmoja huko Rusayl, pembeni mwa Muscat. Viatu tuliviacha mlangoni. Mzee Elia aliongoza maombi, bara moja baada ya jingine, sote tumefumba macho. Aliimaliza Afrika, akavuka.

"Bwana, wakumbuke walemavu wa Asia!"

"Amina! Mmoja yuko hapa mlangoni, anaungua na jua!"

Alikuwa Yosefu, fundi cherehani, kwenye kiti chake cha magurudumu. Lundo la viatu vyetu lilikuwa limemzibia njia. Tukakimbilia kuviondoa, kila mtu akilaumu kandambili za mwenzake.

Yosefu akaingia, akapewa maji, akayamaliza.

"Endelea, mzee. Amerika ya Kusini wanasubiri."

Mzee Elia akaomba tena, safari hii jicho moja likiangalia mlango. Nadhani kunasaidia, mjukuu wangu. Yosefu aliingia.

Bibi yako anayekuombea,
Bibi Marta