Fundi wa Saa Nne

Mama Peninah,

Wewe na mama yako mkirudi kutoka kumpeleka mtoto shule, chai iko kwenye chupa. Mandazi nimewaachia ~~matano~~ matatu.

Televisheni msiiguse. Tatizo liko juu ya paa, pale waya unapoungana na dishi. Nilipafunga tepu mwenyewe mwezi uliopita, nikaanzia juu nikashuka chini, maana nilisikia harufu ya pilau yako. Vijana kazini nawafokea kila siku: anza chini, panda juu, kila mzunguko ulalie wa chini yake kama bati, maji yateleze. Yangu yakateleza kwenda ndani. Ndiyo maana baada ya mvua ya jana, leo Misa ya mama imekatika katikati ya mahubiri.

Alipouliza, "Kwani huyu mkwe wangu anafanyaga kazi gani hapa Dubai?" niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Halafu wewe ukampigia mlinzi wa jengo akuitie fundi! ~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika kidogo. Mlinzi kapigia kampuni yetu, na arbab, bosi wangu, kanitumia kazi hiyo mimi. Nimekwenda kuchukua tepu mpya.

Kwa hiyo saa nne fundi atagonga mlango, kavaa sare. Mfungulie bila kucheka, na mbele ya mama umwite fundi.

Arbab akipiga simu kuuliza nani alifunga ule waya mara ya kwanza, sema humfahamu.

Baba Peninah