Geuza Ubao Kwanza

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Kariakoo hatujambo, na goti la bibi yako limepoa. Unauliza kama urudishe dukani huo msumeno wa umeme wa bei mbaya, kwa kuwa unachubua mbao. Usiurudishe! Wangu wa kwanza niliununua bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani, nikautumia kukata nakshi za maua kwenye ubao wa kichwani wa kitanda cha bi harusi. Nilichora upande wa nyuma, nisichafue uso wa mbele. Nilipomaliza, kingo zote zimechanika. Nikakaa chini. Dada wa bi harusi, aliyekuja kukagua, akaugeuza ubao. Uso safi, kama umenyolewa! Meno ya msumeno huo hukata yakipanda, hivyo huchubua upande wa juu. Wewe laza uso chini.

Yule dada anakusalimu. Goti lake, kama nilivyosema, limepoa.

Babu yako