Shati la Mtoto Wako Kipenzi

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Nimepigia simu vituo vinne vya kutibu waraibu, na cha nne kina nafasi. Barua yao mahakama itaikubali. Mdogo wangu aripoti leo saa nane, bila kukosa. Funguo za gari nimeondoka nazo.

Asubuhi nimekukuta unampigia pasi shati, yeye aliyeendesha gari akiwa amelewa bangi akabomoa ukuta wa shule! Mimi siku ya mahafali yangu nilijipigia pasi mwenyewe. Roho imeniuma, sifichi.

Fomu inataka ndugu wa kukaa naye kwenye ushauri kila Jumamosi. ~~Nimeandika jina lako, si ndiye kipenzi chako?~~ Nimeandika langu.

Blauzi yangu ya Jumamosi nimeiacha kitini, karibu na pasi.

Binti yako wa kwanza